Nyundo Mbili za Baba Kutu

"Leo Jumapili, Bwana Overbeck! Jumapili! Watu wamepumzika, wewe unabomoa nyumba?"

"Sibomoi, Bi Lubinski. Nasikiliza muziki."

"Muziki! Marehemu mume wangu kafanya kazi kwenye tanuru la chuma maisha yake yote, na hata tanuru lilikuwa na adabu kuliko hicho chombo chako. Picha yangu ya harusi imeanguka ukutani. Mara ya pili hii!"

"Nitakuja nikupigilie msumari mpya."

"Jumapili? Unataka kupigilia msumari Jumapili?"

Walikuwa ghorofa ya tatu, kila mmoja mlangoni kwake, wanatazamana kama mabondia. Bi Roswitha Lubinski, mjane, kichwani vibiringishio vya waridi, mkononi mwiko. Ansgar Overbeck, dereva wa tramu, fulana nyeusi yenye jina la kundi lake kipenzi, Rostkehle, miguuni soksi zisizofanana. Nyuma yake spika zilinguruma: magitaa kama msumeno, ngoma kama treni ya makaa, na mwanamume anayeimba kana kwamba amemeza changarawe. Majirani wa chini walishafungua milango kidogo. Mji mzima wa Bochum, huku Ujerumani, Jumapili hakuna kitu, sasa uhondo kama huo nani aukose?

Ndipo mlango wa ghorofa ya pili ulipofunguka, akatoka Gesa Tillmann na koti la kulalia la kijani, jicho moja limefumba, shavuni alama ya mto.

"Nani anakufa huku?"

"Hakuna anayekufa, Bi Tillmann," Ansgar akajibu haraka.

"Basi nani ataanza?"

Ngazi nzima ikacheka. Ansgar hakucheka. Alikuwa ameganda. Gesa alihamia pale majira ya machipuko, na tangu siku hiyo Ansgar alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Mwanamke mrefu, mabega mapana, mikono yenye vikovu vidogo vya cheche, anafanya zamu ya usiku kwenye karakana ya kufua vyuma. Wakipishana kwenye ngazi, Ansgar alikuwa anasema "habari za asubuhi" hata kama ni jioni.

"Bwana Overbeck," Gesa akasema kwa upole uliochoka, "mimi nimeingia kitandani asubuhi hii. Nakuuliza kitu kimoja tu. Hicho kitufe chako cha sauti kiko ngapi?"

"Nane."

"Kinaanzia ngapi?"

"Sifuri."

"Kati ya sifuri na nane kuna nafasi nyingi sana. Tafuta moja uipende."



"Mbili," Ansgar akasema. "Kuanzia leo mbili. Kwa ajili yako. Naapa."

Mwiko wa Bi Lubinski ukabaki hewani.

"He! Mimi nimeomba mwaka mzima, sikuapiwa hata sita!"

* * *

Na kweli alitimiza. Wiki zikapita, spika za Ansgar zinanong'ona kama watu kanisani. Bi Lubinski akaanza kulalamika kwamba sasa hajui kama jirani yake yuko nyumbani au amehama.

Kuna jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyelijua. Ansgar huyuhuyu wa tramu, kwenye ukurasa wa mashabiki wa muziki wa chuma, ule wanaouita heavy metal, alikuwa mtu mkubwa. Hakuwa Ansgar kule. Alikuwa Baba Kutu. Albamu ikitoka, watu walikuwa wanaandika, "Tusubiri Baba Kutu asemeje." Alipima kila albamu kwa nyundo: moja ni takataka, tano ni kufa na kupona. Nyundo tano alishatoa mara moja tu, na watu walijichora tatuu.

Ijumaa moja akarudi kutoka kazini akakuta kikaratasi cha mleta vifurushi kimebandikwa mlangoni: hukuwepo, kifurushi kipo kwa Tillmann, ghorofa ya pili.

Akajichana nywele kwa kiganja, akashuka.

Gesa alifungua, na mlango ule ukatoa harufu tamu: chapati za viazi vya kukwaruza zinakaangwa, na pembeni rojo la tofaa na mdalasini.

"Kifurushi chako. Kizito hiki. Umenunua sakafu?"

"Santuri. Albamu mpya ya Rostkehle, Zamu ya Alfajiri. Tumeisubiri miaka na miaka."

"Na utaipiga kwenye mbili?"

"Si nimeapa?"

"Vaa hedifoni basi, mtu wa watu."

"Rostkehle kwa hedifoni? Hiyo ni kula soseji kwa mrija."

Gesa akacheka, kicheko kizito cha kutoka tumboni. Kisha akaacha kucheka, akaegemea fremu ya mlango, akawa anakuna rangi iliyobanduka kwa ukucha.

"Ukishaisikiliza uniambie. Ukweli, lakini. Hasa wimbo wa tatu."

"Kumbe unawajua Rostkehle?"

"Nawasikia sikia. Dari yangu si ndiyo sakafu yako?" Akakohoa. "Na hii Bi Tillmann, Bi Tillmann, imenichosha. Niite Gesa."

Pale kwao hilo si jambo dogo. Watu wanaweza kuishi ukuta kwa ukuta mpaka meno yaishe wakiitana Bwana na Bibi. Jina la kwanza unapewa, kama unavyopewa ufunguo wa mlango.

"Ansgar," akasema yeye, akanyoosha mkono. Wakashikana mikono kwa heshima kama wanafunga mkataba, halafu wakabadilishana namba za simu.

"Nimeona!" sauti ikatoka juu ya ngazi.

"Umeona nini, Bi Lubinski?"

"Sijaona kitu mimi. Ila nimeona."

* * *

Jioni ile Ansgar aliitoa santuri kwenye ganda lake kwa ncha za vidole kama mtu anayembeba mtoto mchanga. Kwenye ganda yalikuwa yameandikwa majina ya wapigaji wote, na chini kabisa, kwa maandishi madogo: nyundo, mgeni. Akasisimka. Kumbe wameongeza mtu wa kupiga vyuma vya kweli!

Akaweka sindano. Mkono ukaenda kwenye kitufe, ukafika tatu. Chini ya sakafu Gesa alikuwa amelala kidogo kabla ya zamu. Akakirudisha mbili.

Akasikiliza upande wa kwanza, akageuza, akasikiliza wa pili. Akasogeza kiti. Mwishowe akakaa sakafuni, sikio limebanwa kwenye spika. Wapi! Albamu iliyotakiwa kumpasua kifua ilikuwa inalia kama nzi ndani ya chupa. Na ile nyundo ya wimbo wa tatu, ile ambayo Gesa alimtajia, ti, ti, ti, kama mtu anagonga kijiko kwenye kikombe cha chai.

"Wameishiwa," akajisemea, na roho ikamuuma kweli. "Wazee wameishiwa."

Asubuhi ya Jumamosi akaketi kuandika. Maneno hayakuja, akatoka kurudisha chupa tupu dukani. Kwenye kona ya ngazi akasimama kama amepigwa shoti.

Mlangoni kwa Gesa alikuwapo mwanamume mrefu mwenye koti la ngozi. Gesa alikuwa amemkumbatia, macho yamefumbwa, anacheka. Mwanamume akageuka. Ansgar alimjua kabla hajamaliza kugeuka. Uso ule uko ukutani kwake, juu ya kitanda. Falko. Falko mwenyewe, mwimbaji wa Rostkehle!

Akarudi juu kinyumenyume, chupa zinagongana.

Bi Lubinski alikuwa ameshafika hapo juu.

"Umemwona? Ameleta maua."

"Sijauliza, Bi Lubinski."

"Maua ya dukani, Bwana Overbeck. Si yale ya kituo cha mafuta. Mwanamume haleti maua ya dukani bure bure."

Ansgar akafunga mlango, akakaa mbele ya kompyuta, na sasa maneno yalikuja. Yalikuja yamepakwa pilipili:

"Ndugu zangu wa chuma, nawaandikia kwa huzuni. Zamu ya Alfajiri ni zamu ambayo hakuna aliyeamka. Magitaa yamefunikwa blanketi. Falko anaimba kama mtu anayejipenda mwenyewe kwenye kioo. Na huyo mgeni wa nyundo, sijui wamemtoa wapi, anapiga chuma kama anaogopa kuamsha watoto. Wimbo wa tatu ulistahili radi, tumepewa kijiko. Nyundo mbili kati ya tano. Baba Kutu."

Akabonyeza. Kufika jioni, mashabiki walikuwa wameshatengeneza vichekesho: picha ya bibi ameshika kijiko cha chai, chini imeandikwa, "Mgeni wa Rostkehle kazini."

* * *

Jumapili mchana simu yake ikalia. Ujumbe.

"Umesikiliza? Gesa."

Ansgar akasoma mara kadhaa. Moyo ukamwambia asijibu. Miguu ikashuka.

Gesa alifungua akiwa na macho mekundu.

"Una nini?" Ansgar akasahau wivu wake papo hapo.

"Hakuna. Ujinga tu. Kuna mpuuzi mmoja kwenye mtandao, anajiita Baba Kutu."

Ansgar akahisi ngazi inazunguka.

"Mpuuzi?"

"Mpuuzi, na sitaki kumtukana Jumapili. Umewahi kumsoma?"

"Gesa... huyo Baba Kutu..."

"Huyo Baba Kutu nini? Unataka kusema nimemsoma vibaya?"

"Ndiye mimi."

 Gesa alimtazama kuanzia kwenye soksi mpaka kwenye nywele, taratibu, kama fundi anayetafuta ufa.

"Wewe."

"Mimi. Lakini sielewi, wewe inakuhusu nini? Au ni kwa ajili ya Falko wako?"

"Falko wangu?"

"Nimemwona jana. Na maua. Maua ya dukani!"

"Ansgar." Sauti ya Gesa ilikuwa imeshuka chini kabisa. "Nyoosha mkono wako."

Akaunyoosha. Gesa akaweka wa kwake juu, kiganja wazi, kigumu kama ngozi ya kiatu.

"Huu ndio mkono wa kijiko. Mgeni ni mimi."

"Wewe?"

"Walikuja karakanani kwetu kurekodi sauti za mitambo. Falko akaniona nafanya kazi, akasema, dada, piga hivyohivyo lakini pamoja na ngoma. Nikapiga. Nikakatazwa kusema mpaka wanitangaze jukwaani. Jana alikuja kuniambia kwamba mashabiki wa zamani wakinikubali, nakwenda nao ziara. Miji yote mikubwa, Ansgar, kuanzia msimu wa majani kuanguka. Mimi, ambaye safari zangu zimeishia Dortmund hapo jirani, tena kwa mpira tu. Ndiyo maana nilimkumbatia! Ana mke, ana mapacha, na anaogopa panya!"

"Gesa, mimi..."

"Saa mbili zilizopita amenipigia. Unajua kasema nini? 'Tusubiri kwanza, dada. Baba Kutu ametoa mbili. Watu wanacheka.' Sasa kumbe umeandika kwa wivu!"

"Si wivu! Yaani... maoni yalikuwepo tangu Ijumaa. Wivu uliongeza pilipili tu. Nitaifuta sasa hivi. Nitaandika tano!"

Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Tano za huruma?" Gesa akarudi nyuma hatua moja. "Nilikuomba ukweli. Ukibadilisha hata herufi moja kwa sababu ya uso wangu, usinisalimie tena. Mchana mwema, Bwana Overbeck."

Mlango ukafungwa polepole. Ungebamizwa kwa kishindo ingekuwa afadhali. Lile "Bwana Overbeck" lilimwingia mpaka kwenye mifupa; alikuwa amepokonywa ufunguo wake.

* * *

Wiki ile Ansgar aliendesha tramu kama amebeba maiti. Alipitiliza kituo mara moja, abiria wakampigia kelele, akawajibu, "Mna haki." Jioni akamtumia Gesa ujumbe: "Nisamehe." Hakujibiwa. Akatuma mwingine: "Nimenunua soksi mpya." Hakujibiwa pia.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Gesa kuosha ngazi. Ansgar alimkuta na ndoo na dekio, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, hakuna pa kupita.

"Habari za asubuhi," akasema Ansgar. Ilikuwa jioni.

"Subiri pakauke, Bwana Overbeck."

Akasubiri. Bi Lubinski akatoka, bila shaka, na mfuko wa takataka uliokuwa na ganda moja la yai.

"Mpaka lini mtanuniana hivi? Nyumba imekuwa kama mochwari. Kwanza wewe," akamgeukia Ansgar, "tangu uape zile mbili zako mimi silali."

"Hulali kwa ukimya?"

"Ijumaa ile ulipopata kifurushi chako, nilisema leo atatuua. Nikashusha picha ya harusi ukutani mwenyewe, nikaiweka kitandani. Nikasubiri. Kimya! Nikaweka sikio ukutani. Kimya! Nikachukua glasi, nikaiweka ukutani, sikio kwenye glasi. Nasikia kama mende anatembea kwenye karatasi. Nikajua umekufa. Nilikuwa navaa viatu nije."

Dekio likasimama.

"Ijumaa gani?" Gesa akauliza.

"Ile ya kifurushi, mwanangu."

Gesa akamgeukia Ansgar. Kwa mara ya kwanza wiki ile alimtazama usoni.

"Uliisikiliza kwenye ngapi?"

Ansgar akainamisha kichwa kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja dirisha.

"Mbili."

"Rostkehle. Albamu mpya. Kwenye mbili."

"Ulikuwa umelala. Nilikuwa nimeapa."

"Na ukaenda kuwaambia watu wote kwamba napiga kama naogopa kuamsha watoto?"

"Ndiyo."

"Ansgar! Aliyekuwa anaogopa kuamsha mtu ni nani sasa?"

Bi Lubinski akaacha ganda la yai likaanguka. Gesa aling'ata mdomo, mabega yakaanza kutetemeka, halafu kicheko kile cha tumboni kikamponyoka, akalazimika kushika reli. Ansgar alitaka kucheka naye, hakuthubutu.

"Ile nyundo ina uzito wa mtoto anayetambaa," Gesa akasema akifuta machozi. "Haisikiki kwa masikio tu. Inasikika miguuni. Kwenye mbili hata mimi ningejipa kijiko."

"Basi niruhusu nisikilize upya. Sawasawa. Halafu nitasema nitakachosikia. Kikiwa kibaya, nitasema kibaya."

"Hata kama ni mimi?"

"Hata kama ni wewe. Nitalia, lakini nitasema."

Gesa akachovya dekio kwenye ndoo, akalikamua kwa mkono mmoja kama anavyokamua mtu kitambaa cha vumbi.

"Mimi sitakuwepo humo ndani," akasema. "Nitakaa kwangu. Usiione sura yangu unaposikiliza. Na utaweka ngapi?"

Ansgar akamtazama Bi Lubinski. Nyumba ile amani yote ilikuwa mikononi mwa yule mama.

Bi Lubinski akavuta pumzi ndefu.

"Ubandike tangazo," akasema. "Kama watu wastaarabu."

* * *

Ijumaa tangazo likawa pale mlango mkuu, juu ya masanduku ya barua, kama desturi ilivyo mtu akitaka kupiga kelele bila kuitiwa polisi:

"Majirani wapendwa, kesho Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, mapumziko ya mchana yakishakwisha, kutakuwa na kelele ghorofa ya tatu. Kelele kubwa. Naomba radhi mapema. Asiyeweza kuvumilia, aje, bia ipo. Ansgar Overbeck."

Chini yake mtu akaongeza kwa kalamu: "Naleta saladi ya viazi." Mwingine: "Naleta viti." Na mwandiko wa kizee, wa kulala: "Naleta picha ya harusi, niishike mwenyewe."

Saa tisa sebule ya Ansgar ilikuwa imejaa mpaka koridoni. Watu wa ghorofa ya kwanza walileta keki ya plamu, mzee wa chini kabisa akaleta kiti chake cha kukunja na mbwa. Bi Lubinski alikaa mbele, amevua vibiringishio, nywele zimetuna, picha mapajani. Ansgar akasimamisha simu kwenye rafu ya vitabu, akaiwasha ili mashabiki wamwone moja kwa moja. Hawakuwahi kuuona uso wa Baba Kutu. Ujumbe ukaanza kumiminika: "Huyu ndiye?" "Mbona ana kofia ya tramu?" "Kijiko kiko wapi?"

"Ndugu zangu," Ansgar akasema, "wiki iliyopita niliwapa nyundo mbili. Nimekuja kukiri. Niliisikiliza albamu hii kwenye mbili. Kitufe changu kinafika kumi."

Ujumbe ukasimama kidogo, halafu ukafurika. "MBILI???" "Baba Kutu umeugua?" "Kwa nini, mzee?"

"Kuna mtu alikuwa amelala chini," akasema. "Na mtu huyo nampenda."

Sebule nzima ikasema "ooo". Mbwa akabweka.

"Sijamwambia bado. Kwa hiyo msimwambie."

"Dari yake ndiyo sakafu yako, mpumbavu wee," Bi Lubinski akamnong'oneza, "ameshasikia!"

Ansgar akageuka mwekundu kama tofaa. Akaweka sindano, akashika kitufe, akakipeleka mpaka nane.

Wimbo wa kwanza uliondoa povu kwenye bia. Wa pili ukafanya vijiko vicheze sahanini. Kisha ukaja wa tatu. Gitaa likanyamaza. Kimya kidogo. Na nyundo ikashuka.

Haikuja kwa masikio. Ilipanda kutoka kwenye mbao za sakafu, ikaingia miguuni, ikapita magotini, ikafika kifuani ikakaa. Pigo, kimya. Pigo, kimya. Kila pigo na mlio mrefu nyuma yake wa chuma kinachoimba chenyewe. Ansgar alisahau simu, alisahau watu. Aliuona ule mkono wenye vikovu ukipanda na kushuka. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Wimbo ulipokwisha akageuka kumwangalia Bi Lubinski, akiogopa. Yule mama alikuwa ameikumbatia picha, macho yamefumbwa.

"Bi Lubinski? Nipunguze?"

"Ukipunguza nakupiga na mwiko." Akafungua macho. "Mtaa huu ulikuwa unalia hivi, usiku na mchana. Nilizaa watoto wangu ndani ya sauti hii. Mume wangu Heinz akiwa zamu, nikiisikia najua yuko hai. Siku walipofunga kiwanda cha chuma, wote walisema sasa tutalala. Mimi sikulala mwezi mzima kwa ule ukimya." Akapangusa pua. "Huyo anayepiga, mwambieni anajua."

Hakuna aliyecheka tena. Waliisikiliza mpaka mwisho, na wimbo wa sita ulipofika katikati, mzee wa mbwa akauliza kama huu bado ni uleule.

Ansgar akasimama mbele ya simu.

"Haya. Hukumu. Niliandika kwamba mgeni anaogopa kuamsha watoto. Nafuta, na naomba radhi mbele yenu. Mgeni huyu ndiye moyo wa albamu. Mkimtoa, kinachobaki ni wazee watano na magitaa. Falko anaimba vizuri, inaniuma kusema, lakini anaimba vizuri. Ila wimbo wa sita ni mrefu kama foleni ya ofisi ya manispaa, na mwisho wa foleni dirisha limefungwa. Kwa hiyo sitoi tano. Natoa nne. Nne za kweli. Baba Kutu, nane kati ya kumi kwenye kitufe."

Akazima simu, akatoka hivyohivyo bila viatu, watu wakampisha.

* * *

Alibisha mara moja. Gesa alifungua mara moja, kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Aproni kiunoni, unga shavuni, na nyuma yake ile harufu, chapati za viazi na rojo la tofaa.



"Nne," akasema Gesa.

"Nne."

"Nyumba nzima imekaa kule, umekiri unanipenda, Bochum yote imesikia, na bado umenipa nne."

"Wimbo wa sita, Gesa... samahani. Bi Tillmann."

Gesa alijaribu kukunja uso. Ukakataa kukunjika.

"Wimbo wa sita nilikuwa nalala huku nimesimama na nyundo," akasema. "Nilimwambia Falko aukate. Hakunisikia." Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akamwonyesha. Ujumbe ulikuwa umeingia muda huohuo:

"Dada, nimemwona huyo mtu wako wa ghorofa ya juu. Jiandae, msimu wa majani kuanguka utakuja nasi. Na mwambie Kutu wimbo wa sita ni mzuri, hajui kitu. Falko."

"Unakwenda," akasema Ansgar. Alifurahi, halafu akakumbuka maana yake. "Unakwenda."

"Nakwenda, narudi. Ukiapa mbili unatimiza mpaka unajiaibisha duniani. Nikikuambia nisubiri, hutasubiri?"

"Nitasubiri. Bila muziki kabisa, ukitaka."

"Thubutu! Nataka nikirudi nikusikie tangu kituo cha tramu." Akanyoosha mkono, akamfuta chozi lililobaki kwa kidole gumba kigumu, na badala yake akamwachia unga. "Na hiyo Bi Tillmann umeitoa wapi? Mimi si nilishakupa jina langu?"

"Ulilichukua."

"Nimelirudisha."

"Gesa," akasema Ansgar, polepole, kama anaonja.

Kutoka juu ya ngazi vichwa vyote vya nyumba ile vilikuwa vimepangwa kwenye reli, cha Bi Lubinski mbele kabisa, picha ya harusi bado kwapani.

"Mbusu basi, saladi inachacha!"

"Bi Lubinski, umeona nini tena?"

"Sijaona kitu! Ndiyo nalalamika!"

Gesa akacheka, akamshika Ansgar fulana palepale penye jina la Rostkehle, akambusu mbele ya nyumba nzima. Kisha akafungua mlango mpaka mwisho, ule mlango ambao Ansgar hakuwahi kuvuka kizingiti chake.

"Na nyie huko juu, shukeni na viti vyenu, viazi nimekwaruza ndoo nzima," akapaza sauti. Halafu, kwa sauti ya chini, ya mtu mmoja tu: "Ingia, Ansgar. Ingia ule, zinapoa."